AMPLITUDO SI UKUBWA: JUU YA ISTILAHI ZA MTAWANYIKO KATIKA FIZIKIA

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza dhana moja ya fizikia ya nadharia, yaani amplitudo ya mtawanyiko, pamoja na dhana chache zinazofuatana nayo, na kupendekeza istilahi za Kiswahili zinazoweza kuzibeba dhana hizo bila kuzipotosha. Tunajua kwamba wasomaji wetu wengi ni wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, na kwamba si wote waliosoma fizikia kupita kiwango cha sekondari. Kwa sababu hiyo hatutatumia hesabu inayozidi kujumlisha, kutoa, na kuzidisha namba kwa yenyewe. Hesabu hiyo ndogo inatosha.

Huenda msomaji akauliza: je, kuna haja gani ya kuhangaikia istilahi ya mbali hivyo wakati bado tunabishana juu ya maneno ya ofisini na sokoni? Haja ipo. Mfasiri wa habari za sayansi hukutana na dhana hii anapopewa taarifa kutoka maabara kubwa kama CERN, iliyo karibu na Geneva. Mwalimu hukutana nayo katika vitabu vya rejea. Mhariri wa kamusi hana budi kuiingiza au kuiacha. Wote hao, wasipopata neno lililokubaliwa, hulitafuta wenyewe katika kamusi ya kawaida ya lugha mbili, na huko hukuta maneno kama "ukubwa", "upana" na "wingi". Mfasiri akilichukua neno "ukubwa", sentensi yake itasomeka vizuri, tena kwa sarufi safi. Lakini fizikia yake itakuwa imeharibika, wala hakuna atakayegundua. Neno gumu humfanya msomaji asimame na kuuliza. Neno jepesi lililokosewa humpitisha akiwa na imani kwamba ameelewa.

2. Mtawanyiko

Tuanze na jambo lenyewe kabla ya jina lake. Mtawanyiko hutokea pale ambapo kitu kinachosafiri, kiwe mwanga au chembe, kinakutana na kitu kingine na kugeuzwa njia yake kuelekea pande mbalimbali. Mfano ulio wazi kuliko yote ni anga. Mwanga wa Jua unapopita hewani, molekuli za hewa huutawanya. Mnamo mwaka 1871 mwanasayansi wa Uingereza, John William Strutt, aliyejulikana baadaye kama Lord Rayleigh, alionyesha kwamba mwanga wenye mawimbi mafupi hutawanywa kwa wingi zaidi kuliko ule wenye mawimbi marefu. Rangi ya buluu ina mawimbi mafupi kuliko nyekundu, na ndiyo maana mtu aangaliapo juu mchana, mahali pasipo Jua, huona buluu. Jua linapozama mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi, buluu hutawanyika njiani, na kinachotufikia ni wekundu.

Baada ya kuwa jambo la kueleza rangi ya anga, mtawanyiko ulikuja kuwa chombo cha uchunguzi. Mwaka 1909, huko Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden walirusha chembe za alfa kwenye mabamba membamba ya metali. Chembe nyingi zilipita kama kwamba hapakuwa na kitu. Chache, kiasi cha moja katika kila 8000 zilipogonga platinamu, zilirudi nyuma. Kutokana na matokeo hayo Ernest Rutherford alikata shauri mwaka 1911 kwamba karibu tungamo lote la atomu limekusanyika katika kiini kidogo mno kilichomo katikati. Hakuna aliyekiona kiini hicho kwa macho. Kilijulikana kwa namna kilivyotawanya, mfano wa mtu arushaye mawe gizani, akasikiliza yanakodundia, na kwa hayo akajua kama mbele yake kuna ukuta, mti au uwazi. Tangu hapo karibu kila tunalolijua kuhusu chembe ndogo limepatikana kwa njia hiyo: kurusha, kutawanya, na kuhesabu zilikokwenda.

Sasa tuliangalie neno. Kiswahili kina kitenzi "tawanya", na kutokana nacho tunapata majina mawili: "mtawanyo" na "mtawanyiko". Waandishi huyachanganya, lakini mnyambuliko wake unatupa nafasi ya kuyatofautisha. "Mtawanyo" linatokana na "tawanya", kitendo chenye mtenda: serikali hutawanya huduma, mkulima hutawanya mbegu. "Mtawanyiko" linatokana na "tawanyika", yaani jambo linalokipata kitu, bila kumtaja aliyelitenda. Katika fizikia tunahesabu kilichozipata chembe. Hatushughuliki na nia ya mtawanyaji. Kwa hiyo "mtawanyiko" linafaa zaidi kuwa istilahi, na kitenzi chake kikawa "kutawanyika".

Iko tahadhari moja. Mwanga mweupe upitapo katika mche wa kioo hugawanyika katika rangi zake, na baadhi ya waandishi huliita jambo hilo pia "mtawanyiko". Mambo haya mawili ni tofauti. Katika mche kila rangi hupinda kwa pembe yake na kushika njia yake moja iliyo dhahiri. Katika mtawanyiko mwanga huenda pande nyingi. Tunapendekeza la kioo liitwe "mtengano wa rangi", ili neno "mtawanyiko" libaki na mzigo mmoja katika fani hii.

3. Amplitudo

3.1 Somo la bamvua na maji mafu

Watu wa pwani wanayo maneno mawili yatakayotusaidia kuliko mifano ya vitabuni. Maji yanapojaa sana na kupwa sana husema ni bamvua. Yanapojaa kidogo na kupwa kidogo husema ni maji mafu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu huja katikati ya siku hizo, mwezi unapokuwa nusu. Kwa nini?

Bahari huvutwa na Mwezi na huvutwa na Jua pia. Kila kimoja kati ya viwili hivyo huinua wimbi lake. Nguvu ya Jua ya kuinua maji ni kiasi cha asilimia 46 ya ile ya Mwezi. Tuseme basi kwamba mahali fulani Mwezi peke yake ungeyapandisha maji sentimita 100 juu ya usawa wake wa kawaida. Hapo Jua peke yake lingeyapandisha sentimita 46. Siku ambazo mawimbi hayo mawili yanapanda pamoja na kushuka pamoja, tunajumlisha na kupata 146: ndiyo bamvua. Siku ambazo moja linapanda na jingine linashuka, tunatoa na kupata 54: ndiyo maji mafu.

Sasa msomaji na aangalie kwa makini. Mtu akipewa ukubwa tu wa mawimbi hayo, yaani 100 na 46, hawezi kujua kama jibu ni 146, au 54, au namba yoyote iliyo kati ya hizo. Anahitaji kujua jambo la pili: kila wimbi limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake. Jambo hilo la pili tunapendekeza liitwe "awamu", neno ambalo tayari linatumika kwa vipindi vinavyofuatana. Ukubwa pamoja na awamu ndivyo vinavyokamilisha habari ya wimbi.

Na hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Katika masomo ya mwanzo, tunapozungumzia wimbi la maji au uzi wa zeze, neno la kigeni linalohusika lina maana ya kimo tu, kutoka usawa wa kawaida hadi kilele. Lakini katika fizikia ya chembe neno lilelile limepanuka likawa na maana ya vyote viwili, ukubwa na awamu, vilivyofungwa katika namba moja. Wanahisabati huiita namba ya aina hiyo namba changamano. Richard Feynman, katika kitabu alichowaandikia watu wasio wanafizikia mwaka 1985, aliieleza kama mshale mdogo: urefu wa mshale ni ukubwa, na upande unakoelekea ni awamu. Mishale miwili inayoelekea upande mmoja hurefushana. Inayoelekea pande zilizo kinyume hupunguzana, na ikiwa na urefu sawa hufutana kabisa.

3.2 Amplitudo na uwezekano

Je, mshale huo unahusiana vipi na chembe tunazozihesabu? Jibu lilitolewa mwaka 1926 na Max Born wa Ujerumani, katika makala yake fupi juu ya migongano ya chembe. Katika matini ya makala hayo aliandika kwamba namba inayotokana na wimbi lililotawanyika ndiyo itoayo uwezekano wa chembe kwenda upande fulani. Kisha, makala yakiwa tayari kupigwa chapa, akaongeza tanbihi ya kurekebisha: uwezekano ni mraba wa namba hiyo, yaani namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Tanbihi hiyo ndogo ndiyo iliyo msingi wa fizikia ya chembe hata leo, na kwa kazi yake hiyo Born alipewa Nishani ya Nobel mwaka 1954. Mfasiri anayeandika "uwezekano wa mtawanyiko" mahali palipokusudiwa amplitudo anaturudisha nyuma ya tanbihi ya Born.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwaka 1930 Nevill Mott alikadiria kitakachotokea chembe ya alfa ikigonga kiini cha heliamu. Vitu hivyo viwili ni kitu kimoja: chembe ya alfa ndiyo kiini cha heliamu. Vinapogongana na kuachana, kimoja kikaonekana upande huu na kimoja upande ule, haiwezekani kusema kipi kilikuwa kimerushwa na kipi kilikuwa kimetulia. Ziko, basi, njia mbili za kulipata tokeo lilelile. Tuchukue pembe ambayo njia zote mbili zina amplitudo sawa, na tuiite amplitudo hiyo 1. Mtu anayejumlisha uwezekano atafanya hivi: 1 mara 1 ni 1, na 1 mara 1 ni 1, jumla 2. Mtu anayejumlisha amplitudo kwanza atafanya hivi: 1 na 1 ni 2, kisha 2 mara 2 ni 4. Majibu mawili, na moja ni mara mbili ya jingine. Mwaka huohuo James Chadwick alipima jambo hilo katika maabara, akakuta kwamba katika pembe hiyo chembe ni mara mbili ya zile ambazo hesabu ya zamani ilizitazamia. Maumbile yenyewe hujumlisha amplitudo.

Kwa elektroni mbili ambazo spini zake zimeelekea upande mmoja, mambo huwa kinyume. Amplitudo za njia mbili hutoana: 1 toa 1 ni sifuri, na sifuri mara sifuri ni sifuri. Katika pembe hiyo haionekani elektroni hata moja. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba amplitudo ni "ukubwa", atawezaje kuelewa kwamba vikubwa viwili vikiwekwa pamoja havitoi kitu?

3.3 Mfano wa maji

Huenda ikadhaniwa kwamba haya ni ya wataalamu wachache tu. Tutoe mfano wenye manufaa ya kila siku katika maabara za kemia na biolojia. Nyutroni za mwendo wa pole hutumiwa kuchunguza umbo la protini, mafuta na plastiki. Kila kiini cha atomu hutawanya nyutroni kwa kiasi chake, na kiasi hicho huandikwa kama urefu, ambao tunapendekeza uitwe "urefu wa mtawanyiko". Huo ni amplitudo iliyovaa vazi jingine. Kizio chake ni femtomita, yaani mita moja iliyogawanywa mara milioni bilioni. Kwa hidrojeni ya kawaida urefu huo ni hasi 3.74, kwa deuteriamu, ambayo ni hidrojeni nzito, ni chanya 6.67, kwa oksijeni ni chanya 5.80.

Molekuli ya maji ya kawaida ina hidrojeni mbili na oksijeni moja. Tukijumlisha tunapata hasi 1.68. Molekuli ya maji mazito ina deuteriamu mbili na oksijeni moja, na jumla yake ni chanya 19.14. Kwa kuwa moja ni hasi na jingine ni chanya, upo mchanganyiko mmoja ambao wastani wake ni sifuri: kiasi cha asilimia 8 ya maji mazito, na yaliyobaki ya kawaida. Maji hayo, kwa upande wa amplitudo, huwa kama hayapo, na kile kilichomo ndani yake ndicho kinachobaki kuchunguzwa. Wachunguzi huchanganya maji yao kwa makusudi kwa kufuata hesabu hii. Mwongozo wa maabara uliofasiriwa na mtu aliyeshika neno "ukubwa" utampa msomaji 3.74 bila alama ya hasi, kwa kuwa ukubwa hauna hasi. Naye atachanganya maji yake usiku na mchana asiipate sifuri.

3.4 Uteuzi wa neno

Yako maneno manne yaliyo mbele yetu. La kwanza ni "ukubwa", ambalo tumekwisha kulieleza. Watetezi wake watasema kwamba katika Kilatini neno "amplitudo" lilikuwa na maana ya upana na ukubwa, na kwamba kulifasiri hivyo ni kulirudisha kwenye asili yake. Hoja hiyo haina nguvu. Maana ya istilahi hutokana na kazi inayofanya katika fani yake, si na kabila la mzizi wake. "Atomu" katika Kigiriki ni kitu kisichogawanyika, na leo tunafundisha sehemu za atomu bila kuona haya.

La pili ni "uwezekano", nalo tumeona kwamba ni mraba wa amplitudo. Haliwezi kushika nafasi ya amplitudo yenyewe. La tatu ni "kimo". Hili ni neno zuri, la Kiswahili halisi, na tunashauri libaki mahali pake: "kimo cha wimbi" kwa mawimbi ya maji, ya sauti na ya nyuzi katika masomo ya mwanzo. Lakini kimo hakielekei upande wowote. Hatusemi kwamba vimo vya watu wawili vimefutana.

La nne ni kutohoa: "amplitudo". Tunajua kwamba utohozi haupendwi na kila mtu, na ni kweli kwamba haufai kuwa kimbilio la uvivu. Hata hivyo hapa una sababu tatu. Kwanza, neno halina maana nyingine katika Kiswahili ya kumdanganya msomaji, asiyelijua atalitafuta. Pili, linaingia katika ngeli bila taabu: amplitudo hii, amplitudo hizi, amplitudo za mtawanyiko. Tatu, linazaa. Mwaka 2013 Nima Arkani-Hamed na Jaroslav Trnka walieleza umbo la kijiometri ambalo ujazo wake, katika nadharia moja maalumu, hutoa amplitudo za mtawanyiko. Wakaliita umbo hilo kwa jina linaloweza kutoholewa "amplituhedroni". Aliye na "amplitudo" atalipokea neno hilo kama mtoto wa nyumbani. Aliye na "ukubwa" itambidi aanze upya.

4. Eneo fanisi

Dhana inayofuatana na amplitudo ni ile ambayo lugha za Ulaya huipa jina lenye maana ya mkato. Wajerumani husema "Wirkungsquerschnitt", yaani mkato wa utendaji. Wafaransa husema "section efficace", yaani mkato wenye kufanya kazi. Maana yake ni eneo. Tukijiuliza chembe inayorushwa ina nafasi gani ya kutawanywa na kiini, tunakifikiria kiini kama ngao, na kuuliza ngao hiyo ingekuwa na eneo gani ili igongwe mara nyingi kama ilivyopimwa. Na hapa hesabu inakubaliana na maneno yetu: amplitudo ya mtawanyiko hupimwa kwa urefu, na urefu ukizidishwa kwa urefu hutoa eneo.

Iko hatari ya kufasiri neno kwa neno. "Mkato" na "sehemu mtambuka" ni maneno ya mchoraji ramani za nyumba na ya mwalimu wa biolojia anayekata shina la mmea. Katika mtawanyiko hakuna kinachokatwa. Wengine wangependa "eneo la shabaha". Hilo li karibu, lakini lingemfanya msomaji adhani kwamba ni eneo halisi la kiini, jambo lisilo kweli. Kiini cha zenoni-135 hunasa nyutroni za mwendo wa pole kama kwamba kina eneo linalozidi lile lake halisi zaidi ya mara milioni moja. Kwa hiyo tunapendekeza "eneo fanisi": eneo ambalo kitu hutenda kazi kama kwamba kinalo.

Kizio cha eneo hilo kina kisa kinachowahusu wafasiri. Mnamo Desemba 1942 wanafizikia wawili katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walihitaji jina la eneo dogo mno: mita mraba moja ikigawanywa kwa namba yenye 1 na sifuri 28. Kwa viini, eneo hilo ni kubwa, wakatania kwamba ni kubwa kama ghala la shambani, na wakaliita kizio kwa jina la ghala hilo. Je, tuseme "ghala"? La. Jina la kizio ni alama ya kimataifa, na utani wa watu wengine hauvuki mpaka pamoja na maana yake. Tunapendekeza "bani", kama tulivyokwisha kupokea "wati" na "volti" bila kuuliza kina nani walikuwa na majina hayo.

5. Kazi ya siku hizi

Kwa nini watu bado wanahangaika na amplitudo karibu karne nzima baada ya Born? Kwa sababu kuzikokotoa ni kazi ngumu. Katika miaka ya 1948 na 1949 Feynman alileta njia ya kuchora kila namna ambavyo chembe zinaweza kuathiriana. Kila mchoro hutoa namba, na namba zote hujumlishwa. Tunashauri ziitwe "michoro ya Feynman", na mfasiri asithubutu kuziita "picha" za tukio. Kila mchoro ni kipande cha jumla. Peke yake hauonyeshi kilichotokea.

Michoro huongezeka upesi. Tuchukue gluoni, chembe zinazozishikamanisha sehemu za protoni. Gluoni mbili zikigongana na kutoa gluoni mbili, michoro iliyo rahisi kabisa ni 4. Zikitoa tatu ni 25. Zikitoa nne ni 220. Zikitoa tano ni 2485. Mwaka 1986 Stephen Parke na Tomasz Taylor, waliokuwa katika maabara ya Fermilab karibu na Chicago, walitangaza kwamba kwa mipangilio fulani ya spini jibu lote, hata gluoni ziwe ngapi, huenea katika mstari mmoja wa maandishi. Maelfu ya vipande vilikuwa vikifutana vyenyewe kwa vyenyewe. Tangu hapo pamekuwa na jitihada kubwa ya kutafuta njia za kulifikia jibu fupi bila kupita katika msitu wa michoro, na amplituhedroni tuliyoitaja ni tunda moja la jitihada hiyo. Faida yake inaonekana katika mtambo wa CERN, kichapuzi chenye mzingo wa kilomita 27, ambako kila siku ya kazi protoni hugongana kwa mamilioni ya mamilioni ya mara. Ili chembe mpya itambuliwe, kama ilivyotambuliwa chembe ya Higgs mwaka 2012, ni lazima kwanza ijulikane ni matukio mangapi ya kawaida yangetazamiwa, na hesabu hiyo huanza na amplitudo.

Msomaji ataona kwamba habari hii yote ni habari ya kufutana. Vipande vingi vinawekwa pamoja, vingi vinakufa, na kidogo kinachobaki ndiyo kweli. Habari hiyo haiwezi kusimuliwa kwa neno lisilojua kufutana.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Mtawanyiko: kugeuzwa kwa mwanga au chembe kuelekea pande mbalimbali baada ya kukutana na kitu.

Mtengano wa rangi: kugawanyika kwa mwanga mweupe katika rangi zake ndani ya mche wa kioo au kitu kama hicho.

Kimo cha wimbi: umbali kutoka usawa wa kawaida hadi kilele; kwa masomo ya mwanzo.

Awamu: mahali wimbi lilipofikia katika kupanda na kushuka kwake.

Amplitudo ya mtawanyiko: namba yenye ukubwa na awamu, ambayo mraba wa ukubwa wake hutoa uwezekano wa chembe kutawanyika kuelekea upande fulani.

Urefu wa mtawanyiko: kipimo cha namna kiini kinavyotawanya nyutroni za mwendo wa pole, huweza kuwa chanya au hasi.

Eneo fanisi: eneo ambalo kiini au chembe hutenda kama kwamba kinalo katika mgongano.

Bani: kizio cha eneo fanisi.

Mchoro wa Feynman: alama ya kipande kimoja katika jumla ya amplitudo.

Haya ni mapendekezo, wala hatudai kwamba hayana upungufu. Walimu wanaofundisha mawimbi watatuambia kama "awamu" inaeleweka darasani. Wafasiri watatuambia kama "eneo fanisi" linaingia katika sentensi bila kukwaruza. Watumishi wa idara zinazohusika na nishati na afya, ambako bani na nyutroni si maneno ya mbali, watatuambia wanatumia nini hivi sasa. Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao kwa maandishi, pamoja na sentensi kamili zinazoonyesha matumizi, kwa maana istilahi hupimwa ndani ya sentensi.

Jambo moja tu tunaliomba lisingoje maoni. Mfasiri atakayekutana na dhana hii kesho asubuhi, kabla ya Baraza kupitisha neno, na aandike "amplitudo" akaieleza kwa maneno kumi pembeni. Akifanya hivyo atakuwa amemwachia msomaji wake uwezo wa kuitoa moja katika moja na kuipata sifuri.